Mashine ya Boti Imegoma: Ni Mafuta au Stata?

Mwongozo huu unahusu mashine kuukuu za kupachika nyuma ya boti: za mipigo miwili, zenye kabureta, zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Kwenye pwani yetu na Ziwa Victoria nyingi ni Yamaha Enduro za HP 15 na HP 40, lakini mashine nyingine za umri huo zinafuata mantiki ile ile. Za mipigo minne zinazoongozwa na kompyuta hazimo humu.

Mazoea ya mafundi wengi wa ufukweni ni kukimbilia kabureta. Kifuniko cha dumu hakijaangaliwa, bisibisi imeshafika kwenye skrubu. Kabureta iwe ya mwisho kufunguliwa. Kasoro nyingi za mafuta ziko kati ya dumu na mashine, na nyingi za stata ziko kwenye vichwa vya betri na nyaya zake, mahali ambapo hapahitaji kufunguliwa kitu chochote cha ndani.

Kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unashuka na kutulia kwenye ngama ya boti, ukingoja cheche. Kabla ya kupima cheche au kugusa betri, kausha petroli iliyomwagika, sogeza dumu mbali na uache upepo upite. Sigara ibaki ufukweni.

Ukijaribu mashine nchi kavu, vua propela, kisha itumbukize kwenye pipa hadi maji yafunike bamba lililo juu ya mahali pa propela. Mpira wa pampu ya maji ukizunguka mkavu huharibika kwa sekunde chache tu, nawe utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Vifaa: spana ya plagi ya milimita 21, spana namba 8, 10 na 12, bisibisi bapa na ya nyota, koleo lenye mpini wa mpira, brashi ya waya, msasa laini, chupa angavu ya maji ya lita 1.5, plagi mbili mpya, na mita ya umeme kwa wenye stata ya betri.

Mambo sita ya kuangalia kwanza

1. Kibanio cha kuzimia, kile chenye kamba nyekundu, kiko mahali pake? Kwenye mashine nyingi kikichomoka stata inaendelea kuzunguka vizuri, ila cheche hakuna. Watu hufungua nusu ya mashine kwa sababu ya kipande hiki cha plastiki.
2. Gia iko huru?
3. Skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi imefunguliwa?
4. Kiungio cha bomba la mafuta kimeingia hadi mwisho, kikalia?
5. Pampu ya mkono, yaani lile puto la mpira katikati ya bomba, imebonyezwa hadi ikawa ngumu? Mshale uliochorwa juu yake uelekee kwenye mashine. Ishike wima, mshale ukitazama juu, ndipo valvu zake zifanye kazi sawasawa.
6. Choki imevutwa ikiwa mashine ni baridi, na imerudishwa ikiwa ni moto?

Yote yakiwa sawa na bado imegoma, endelea.

Soma plagi

Vuta kamba mara tano au sita huku choki ikiwa imevutwa, kisha toa plagi zote mbili na uzitazame kwenye mwanga.

Plagi kavu kabisa maana yake mafuta hayafiki kwenye silinda: nenda kwenye sehemu ya mafuta. Plagi mbichi inayonuka petroli maana yake mafuta yanafika, lakini ama cheche hakuna, ama yamezidi, ama yenyewe ni mabovu. Ukiona vitone vya maji, umeshapata jibu. Na kama moja ni nyeusi mbichi na mwenzake ni ya kahawia na kavu, mashine ilikuwa ikitembelea silinda moja. Badilishana plagi kati ya silinda: ubichi ukihama pamoja na plagi, plagi imekufa, ukibaki kwenye silinda ile ile, angalia koili yake na kofia ya plagi.

Kupima cheche: funika matundu ya plagi kwa kitambaa, rudisha plagi ndani ya kofia yake, gusisha chuma cha plagi na bodi ya mashine kwa koleo, mbali na matundu hayo, kisha vuta kamba kwa nguvu. Plagi zote mbili ziguse bodi kwa pamoja. Koili ikipiga umeme usio na pa kwenda inaweza kuungua. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika ikidata. Ya rangi ya chungwa na nyembamba ni dhaifu. Ikikosekana kwenye silinda zote, chomoa kwa muda waya za swichi ya kuzimia: cheche zikirudi, swichi ndiyo mbovu. Kumbuka kwamba katika hali hiyo mashine ikiwaka haitazimika kwa kitufe, utaizima kwa kuvuta choki. Zisiporudi, kazi hiyo ni ya fundi wa umeme.

Kwenye plagi za NGK, tarakimu 10 mwishoni mwa namba, kama B7HS-10, inamaanisha mwanya wa milimita 1.0. B7HS bila 10 ina mwanya mdogo zaidi. Usichanganye aina hizo mbili kwenye mashine moja. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha mashine.

Mafuta: anzia ndani ya dumu

Zamisha bomba la mpira hadi sakafu ya tangi, vuta mafuta ya chini kabisa na uyatie kwenye chupa angavu. Yaache yatulie dakika 15. Petroli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yatakaa chini na mstari utaonekana wazi. Hata kijiko kimoja kinatosha kuzima mashine, maana bomba la kufyonzea linachota chini huko huko. Maji huingia kwa mawimbi, kwa mvua, na kwa umande unaoganda ndani ya tangi lililoachwa nusu usiku kucha. Usimwage yote, chota mafuta ya juu, yachuje kwa kitambaa cha ngozi laini au faneli yenye chujio, na lita moja au mbili za chini zitupe mbali na maji.

Kisha kuna mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli yenye mafuta ya taa inafanya mashine iwe ngumu kuwaka asubuhi, itoe moshi mzito na igonge ikibebeshwa mzigo. Ukiendelea hivyo, pistoni itatoboka. Kipimo cha ufukweni: kabla ya kuchanganya oili, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi itapaa na kuacha karatasi kavu. Mafuta ya taa yataacha doa la mafuta ambalo halikauki upesi. Petroli ikishachanganywa oili kipimo hiki hakifai, kwani oili nayo inaacha doa.

Petroli ya zamani ni tatizo la kila anayepandisha boti wakati wa kusi. Ikikaa mwezi mmoja au miwili ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka inapaa, na inayobaki inageuka utando wa kunata kama gundi ndani ya kabureta. Mashine iliyolala miezi mitatu ikiwa na mafuta kwenye kabureta, hapo sasa kabureta ina haki ya kushukiwa.

Kuhusu mchanganyiko: mashine hizi kwa kawaida zinatumia sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, na oili iwe ya mashine za boti yenye alama TC-W3. Yaani lita 20 zinataka mililita 400, tangi la lita 24 linataka 480, na lita 25 zinataka nusu lita, chupa ndogo ya maji iliyojaa. Mashine mpya au iliyobadilishwa pistoni huanza na 25 kwa 1 kwa muda ulioelekezwa kwenye kitabu chake. Oili ya pikipiki haifai. Inaunguzwa kwa joto jingine na inaacha majivu kwenye plagi. Na anayezidisha oili "ili mashine ipone" anaziba plagi bila kumfaa mtu, kwa sababu oili ikizidi petroli inapungua kwenye kila tone linaloingia.

Bomba na puto

Njia ya haraka kuliko zote ya kugawa tatizo: azima tangi na bomba la mwenzako ambaye mashine yake inafanya kazi. Yako ikiwaka na kukimbia vizuri, mashine ni nzima na ugonjwa uko upande wa dumu. Dakika tano zimekuokolea siku nzima.

Kama hakuna wa kumwazima, tumia puto. Litazame mashine ikiwa inafanya kazi, au pale inapoanza kufa:

Puto likinywea na kubaki bapa, mafuta yanazuiwa kabla ya kulifikia. Tundu la hewa limeziba, au chujio lililo mwisho wa bomba la ndani ya tangi limejaa uchafu, au bomba lenyewe limevimba ndani. Wanaotumia madumu ya njano ya mafuta ya kula badala ya tangi hukutana na hili sana: wanapitisha mpira kwenye kifuniko na kusahau kwamba hewa nayo inahitaji pa kuingilia. Mashine inakwenda dakika kumi, inazimika, inapumzishwa, inawaka tena. Ukilegeza kifuniko ukasikia hewa ikivutwa ndani, usiendelee kutafuta.

Puto likiwa gumu lakini mashine inakosa mafuta, kizuizi kiko mbele yake: kiungio, chujio la kwenye mashine, pampu au kabureta.

Puto lisipokuwa gumu hata ukibonyeza mara thelathini, kuna mambo matatu. Ama valvu zake zimekufa, ama hewa inaingia mahali fulani upande wa tangi, ama mafuta yanamwagika ndani ya kabureta kwa sababu sindano ya boya, ile inayozuia mafuta bakuli la kabureta likijaa, haifungi. La tatu utalijua kwa harufu na kwa petroli inayotiririka kwenye mdomo wa kabureta.

Mashine ikizimika ukiwa mwendo mkubwa, lakini ukibonyeza puto inafufuka na kuendelea muda wote unapobonyeza, basi pampu ya mafuta ni dhaifu au hewa inaingia kwenye bomba. Kwa hali hiyo unaweza kurudi nyumbani huku msaidizi akibonyeza njia nzima, ila usiifanye desturi.

Hewa inaingia wapi? Petroli haitavuja nje kila mara, kwa sababu bomba linafyonza, halisukumi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, bonyeza puto, utazame mapovu upande wa mashine. Upande wa tangi, kaza vibano na ubadilishe pete za mpira ndani ya viungio. Pete hizi ni za bei ndogo na ndizo chanzo kikubwa. Bomba liwe la petroli, lenye kipenyo cha ndani kile kile cha bomba la zamani. Mpira angavu wa maji unakakamaa na kupasuka kwenye kibano. Kufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ni kujidanganya: petroli inaulainisha na kuuvimbisha ndani ya siku chache.

Chujio, pampu, na mwishowe kabureta

Chujio dogo lililo kwenye mashine lifunguliwe kwa mkono, lisafishwe kwa petroli, lirudishwe na pete yake.

Pampu ya mafuta haina injini yake. Pistoni ikipanda inafanya mvuto chini yake, ikishuka inafanya msukumo, na pigo hilo linapita kwenye tundu dogo na kutikisa kiwambo chembamba ndani ya pampu. Kwa hiyo kiwambo kikikakamaa, pampu inachoka kwenye mwendo mkubwa huku mwendo mdogo ukiwa sawa. Kikitoboka, petroli mbichi inapitia tundu hilo hadi chini ya pistoni: moshi mwingi, plagi mbichi, na mashine inayokataa kutulia. Fungua skrubu zake, inua kiwambo juu ya jua, utafute tundu au ufa. Badilisha kiwambo na gasketi kwa pamoja. Usipake gundi ya gasketi, ikimeguka itaishia kwenye jeti, yaani vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupitishia mafuta ndani ya kabureta.

Sasa kabureta:

1. Weka tangi mbali, safisha nje ya kabureta kwanza ili chumvi isiingie.
2. Legeza skrubu ya kumwagia chini ya bakuli na kinga mafuta kwenye chupa. Yakitoka maji au unga mweupe, umepata.
3. Kabla ya kutoa skrubu ya mwendo mdogo, izungushe ndani taratibu hadi ikalie, ukihesabu mizunguko. Iandike. Usiikaze, ncha yake itaharibika.
4. Toa bakuli, boya na sindano. Sindano yenye mfereji kwenye ncha haifungi tena, ibadilishe. Boya likitikiswa likasikika lina mafuta ndani, limetoboka.
5. Toa jeti, ziloweke kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha puliza kwa upepo wa kompresa. Usichokonoe kwa waya wa chuma: shaba ni laini, tundu likipanuka hata kidogo mashine itakunywa mafuta milele. Uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba, unafaa.
6. Rudisha kwa gasketi mpya, skrubu kwa mizunguko uliyoandika.

Jeti ya mwendo mdogo ndiyo inayoziba mapema kwa sababu tundu lake ni dogo. Dalili yake ni mashine inayowaka kwa choki tu na kuzimika choki ikirudishwa.

Imejaa mafuta

Umevuta sana kwa choki, harufu ya petroli imetanda. Rudisha choki, acha kubonyeza puto, toa plagi uzikaushe, vuta kamba mara kumi matundu yakiwa wazi na kibanio cha kuzimia kikiwa kimechomolewa. Rudisha vyote, fungua mafuta kadiri gia huru inavyoruhusu, vuta. Ikishika, punguza mara moja.

Stata ya kamba

Kamba isiyovutika kabisa: hakikisha gia iko huru, kwani kuna waya unaofunga stata gia ikiwa ndani. Waya huo ukilegea au ukiota kutu, stata inafungwa hata gia ikiwa huru. Kama si huo, toa plagi. Kamba ikivutika sasa na maji au mafuta yakaruka nje, silinda ilikuwa imejaa. Isipovutika bado, pistoni au shafti imekwama, na kulazimisha kutavunja zaidi.

Kamba inavutika lakini flaiwili, lile gurudumu zito juu ya mashine, haizunguki: kidole cha kukamata kimeganda kwa chumvi au springi yake ndogo imekatika. Osha kwa maji matamu, kausha, paka grisi kidogo. Kamba isiyorudi: springi kubwa imekatika au imelegea. Ukiifungua vaa miwani. Springi hiyo ikiruka inakata uso. Ukirudisha, hakikisha kamba ikivutwa hadi mwisho gurudumu la kamba bado linaweza kuzunguka nusu mzunguko zaidi, vinginevyo springi itakatika upya.

Kamba iliyokuwa nzito ikawa nyepesi ghafla ni habari mbaya: kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, imepungua. Silinda mbili zikipishana zaidi ya asilimia 15 kwenye geji, hakuna kabureta itakayoponya hilo.

Stata ya umeme

Sikiliza kabla ya kupima. Tik-tik-tik za haraka ni betri dhaifu. Tik moja nzito na kimya: umeme mkubwa haupiti kwenye vichwa vya betri, waya au kaboni za stata, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake. Kimya kabisa: fyuzi, swichi ya gia huru au swichi ya ufunguo. Stata inayozunguka kwa kelele bila kugeuza mashine: gia ya bendiksi, ile ndogo ya stata inayopanda kushika meno ya flaiwili, haipandi.

Betri iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au zaidi. 12.2 ni kama nusu, na chini ya 12.0 irudi chaji. Piga stata ukitazama mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka, au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Betri ikiwa nzima, pima upotevu. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya yenyewe ya betri, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye boliti ya stata. Msaidizi apige stata. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.5, kuna kutu njiani. Songa kiungo kwa kiungo hadi uone namba inaporuka. Rudia upande hasi, kutoka nguzo ya betri hadi bodi ya stata: isizidi 0.3. Upande huu ndio husahaulika, na ndio unaoharibika zaidi, kwa sababu boliti ya ethi, inayoshika waya hasi kwenye bodi, inakaa juu ya rangi na chumvi. Huna mita? Piga stata sekunde tano kisha gusa maungio kwa mkono: lenye moto ndilo bovu. Waya uliokuwa mweusi ndani ya plastiki ukatwe hadi shaba inayong'aa ionekane. Maungio yasuguliwe, yakazwe, ndipo yapakwe grisi juu, si kati.

Bendiksi isafishwe kwa petroli na itiwe oili nyembamba. Grisi pale inashika vumbi na chumvi na kuigandisha. Stata ikifunguliwa, weka alama kwenye kifuniko na bodi. Kaboni iliyobaki chini ya nusu ya urefu wake mpya ibadilishwe, na shaba inayoguswa na kaboni isuguliwe kwa msasa laini.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe dakika mbili. Usichomoe betri mashine ikiwa inafanya kazi, wala usigeuze chanya na hasi. Vyote viwili vinaunguza rektifaya, kifaa kinachogeuza umeme wa mashine uweze kuchaji betri.

Kuwasha kwa kamba ya dharura

Stata ikifa baharini, fungua boliti za nyumba ya stata ya kamba uitoe juu ya flaiwili. Kwenye mashine zenye stata ya umeme ondoa kifuniko cha flaiwili. Kumbuka sasa hakuna kitakachokuzuia kuwasha gia ikiwa ndani, kwa hiyo ihakikishe mwenyewe kuwa huru. Piga fundo kwenye ncha ya kamba, liingize kwenye pengo la flaiwili, zungushia mizunguko miwili au mitatu kuelekea mshale wa saa, ukitazama kutoka juu. Vuta taratibu hadi uhisi uzito, kisha vuta kwa nguvu moja. Mwenzako asisimame nyuma ya mkono wako. Ikishawaka usijaribu kurudisha stata wala kava. Funga shati, kanga na nywele ndefu mbali na flaiwili, na urudi kwa mwendo wa kati.